Kutoka majani chai ya Merigi hadi mchanga wa Diani kwa baiskeli: Mwenye kujua njia ndiye mwenye mali

Kuna watu wanaopanda ndege kutoka Ulaya wakiwa na baiskeli ya bei ya gari, ili waje waiendeshe kwenye barabara ambayo wewe na mimi tunamlilia mwakilishi wa wadi aitie lami. Wanalipa pesa ndefu, wanalala kwenye hema, wanakula vumbi siku nzima, na wakirudi kwao wanasema hawajawahi kuona likizo kama hiyo. Si utani. Huu ni mchezo na ni biashara, na Kenya imo ndani tayari.

Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Baiskeli ina usukani uliopinda kama wa mashindano ya lami, lakini tairi zake ni pana, kati ya milimita 40 na 50, ili zipite kwenye changarawe, mawe na mchanga. Mzigo haubebwi mgongoni. Hema, nguo, chakula na vifaa vya ufundi vinafungwa kwenye fremu, kwenye usukani na nyuma ya kiti. Unaendesha mchana, unalala ulipofikia, kesho unaendelea. Safari ikiwa na kiongozi, kazi yako ni kukanyaga pedali tu. Mengine yote, kuanzia maji hadi ruhusa ya kupita kwenye ardhi ya wenyewe, ni juu yake.

Mwaka wa 2021 mashindano ya Migration Gravel Race yalifanyika kwa mara ya kwanza katika eneo la Maasai Mara, siku 4 za kusaga changarawe. Vijana wa Afrika Mashariki walishindana uso kwa uso na waendeshaji wa kulipwa kutoka Ulaya. Nahodha wa Team Amani alikuwa Suleiman Kangangi, aliyejulikana kama Sule, kijana wa Eldoret. Sule alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Kabla yake kulikuwa na David Kinjah wa Kikuyu, aliyemfunza Chris Froome alipokuwa mtoto. Froome, mzaliwa wa Nairobi, alikuja kushinda Tour de France mara 4. Na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Kwa hivyo dunia inajua tuna miguu, na inajua tuna barabara. Swali langu lilikuwa lingine: hizi safari zikipita kijijini, doo inabaki kwa nani? Nilienda Merigi kutafuta jibu, na siku 16 baadaye nikajikuta Diani.

Lami hatuna, njia tunazo

Merigi ni wadi katika eneo bunge la Bomet Mashariki. Ukisimama juu ya kilima unaona kijani kitupu: vishamba vya majani chai, mikaratusi, ng'ombe wa maziwa na mabati yanayometameta jua likitoka. Kati ya vishamba hivyo kuna barabara za murram zinazopanda na kushuka kama mgongo wa ngamia.

Barabara hizo hazikuchorwa kwa ajili ya mtalii. Zilichorwa kwa ajili ya lori. Majani chai yakishachunwa yanapelekwa kwenye kituo cha kupimia, na lori la kiwanda lazima lifike siku hiyo hiyo, kwa sababu majani yakilala yanaharibika na mkulima anakula hasara. Ndiyo maana hata pembe za ndani kabisa zina njia ya kupitika na daraja la kuvuka kijito. Mtu wa baiskeli akiona ramani ya nchi ya chai anaona kitu ambacho Uswisi wanakitangaza kwa mabango: kilomita na kilomita za changarawe, magari machache, vilima vya kukutoa jasho na chai ya maziwa kila kona.

Baiskeli yenyewe si ngeni huku. Kabla ya pikipiki kuteka kila njia panda, ile baiskeli nyeusi ya chuma ndiyo iliyobeba maziwa, kuni, gunia la mahindi na mgonjwa. Hata neno boda boda lilizaliwa kwenye baiskeli, pale mpakani Busia na Malaba, vijana walipokuwa wakivusha abiria kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine.

Kiongozi wetu ni mtoto wa baiskeli hizo. Ana miaka 26, alijifunza ufundi kwenye kibanda cha mjomba wake, na kila mtu kijijini anamwita Fundi, hata mamake. Kama mimi, chuo alikiachia njiani karo ilipogoma. Tofauti ni kwamba mimi nina blogu, yeye ana spana na ramani kichwani. Nikikuambia huyu jamaa anajua kila kisima kati ya Merigi na Mulot, amini.

Mlima kwanza, jangwa baadaye

Tulikuwa watu 8: Fundi na msaidizi wake, Wakenya wanne na wageni wawili. Kati yetu wasichana walikuwa watatu, na ngoja niseme mapema, vilima havikuuliza nani ni nani. Siku ya kwanza tulikunywa mursik, tukapewa kimyet na mboga, na wazee wakatupungia mkono huku wakicheka. Mzee mmoja alimuuliza Fundi kwa nini anawatesa watoto wa watu na matatu zipo.

Kutoka Merigi unateremka kuelekea Longisa na Mulot, soko la mpakani kati ya Bomet na Narok. Hapo ndipo unaelewa jiografia uliyoikariri darasani. Chai inataka mvua ya mara kwa mara, baridi ya wastani na udongo wenye asidi. Ukishuka kidogo tu, chai inakuachia. Yanakuja mahindi, halafu ngano ya Narok iliyotandazwa hadi macho yachoke. Mto Amala na mto Nyangores, yote miwili inayotoka Mau na kupita Bomet, hukutana huko chini na kuwa mto Mara. Yaani maji yanayonywewa na nyumbu wa kwenye televisheni yalipitia kwetu kwanza.

Baada ya Narok mjini tukakata kusini hadi Narosura, mahali penye mashamba ya nyanya na vitunguu yanayonyweshwa kwa mifereji, halafu tukaanza kupanda vilima vya Loita. Hapa miguu ililia. Ukifika Entasekera uko juu tena, kwenye baridi, kando ya msitu wa Naimina Enkiyio, ambao Wamaasai wanauita msitu wa mtoto aliyepotea. Nyati wapo, ndovu wapo.

Na hapa Fundi alifanya jambo lililonifunza kazi ya kiongozi kuliko hotuba yoyote. Alisimama akakabidhi usukani. Kijana wa Loita, mchungaji wa mifugo, ndiye aliyetuongoza siku iliyofuata, na alilipwa kama kiongozi, si kama mbeba mizigo. Fundi alitueleza wazi kwamba ujuzi wake unaishia pale msitu unapoanzia. Kiongozi mzuri anajua njia, ndiyo, lakini anajua pia mahali ambapo yeye ni mgeni kama wewe.

Kuteremka ukingo wa Nguruman si kuendesha, ni kusukuma na kubeba. Gari la msaada haliwezi kupita huko. Lilirudi Narok, likazunguka kupitia Ngong na Kiserian ili litungoje Magadi. Kwa siku mbili kila kitu tulichohitaji kilikuwa kwenye baiskeli zetu. Chini kabisa, Nguruman, kuna maembe na mboga chini ya jua kali. Ukivuka Ewaso Ng'iro ya kusini unaingia kwenye tanuri.

Ziwa Magadi liko kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Ukitoka kwenye baridi ya Loita, mwili unashtuka. Maji ya ziwa ni magadi, jeupe kama barafu kutoka mbali, waridi ukikaribia, na kuna kiwanda ambacho kimekuwa kikichimba magadi kwa zaidi ya miaka 100. Huwezi kuyanywa. Ni hapa hesabu ya maji inakuwa hesabu ya uhai: kwenye joto hilo mtu anayeendesha anaweza kumaliza lita moja kwa saa. Kati ya Magadi na Elangata Wuas, njia ikifuata reli ya zamani kuelekea Kajiado, kila mmoja wetu alibeba lita 6. Kuna mwenzetu alitaka kupunguza uzito kwa kumwaga mbili. Fundi hakugomba. Alizichukua akazifunga kwenye baiskeli yake, na saa nane mchana mwenzetu alizililia.

Ukitaka kubishana, jangwa halisi la Kenya ni Chalbi, kule Marsabit. Sawa. Lakini mwambie hivyo mtu aliyekaa chini ya mgunga mmoja Magadi saa saba mchana akingoja jua lipoe.

Nyika ya Taru na harufu ya bahari

Tulipumzika siku nzima Kajiado, tukafua nguo, tukala chapati na madondo hadi mwenye hoteli akauliza kama kuna njaa tulikotoka. Kutoka hapo ni safari ya mlima mmoja: Kilimanjaro, mita 5,895, unakaa kwenye jicho lako la kulia siku tatu nzima, Kimana, Illasit, Rombo hadi Taveta. Asubuhi unauona wote. Ikifika saa nne unajifunika mawingu, kama msee ambaye hataki kupigwa picha.

Kumbuka pia kwamba baiskeli haziruhusiwi kuzurura ovyo kwenye mbuga za wanyama. Hell's Gate, Naivasha, ni ya kipekee kwa sababu ndani yake unaendesha baiskeli bila shida. Tsavo si hivyo. Barabara ya Taveta kwenda Voi ni ya umma na inakata katikati ya Tsavo Magharibi, kwa hivyo tuliifuata mchana kweupe, tukiwa kundi moja, gari likiwa nyuma yetu. Hakuna kuendesha usiku. Ndovu haoni taa yako kama wewe unavyomwona.

Kutoka Mwatate tulikwenda Kasigau, mlima uliosimama peke yake kwenye nyika, na hapo tena tukapata kiongozi mwingine, Mtaita aliyejua ndovu walilala wapi usiku uliotangulia. Baada ya hapo ni Nyika ya Taru. Hii ndiyo sehemu iliyowatisha watu wa misafara ya karne ya 19 waliotoka Mombasa kwenda bara. Kiu iliua wapagazi hapa kabla ya reli kujengwa kuanzia 1896. Sisi tulipita na chupa zilizojaa na simu zenye mtandao wa kukatika-katika, na bado ilikuwa noma. Miiba ya huko ni sindano. Siku moja tulihesabu matundu 11. Tairi zetu hazina tubu. Ndani yake kuna maji ya gundi yanayoziba tundu dogo lenyewe, na tundu kubwa unalisukumia kipande cha mpira. Mwenye tubu za kawaida angelala njiani.

Mackinnon Road tulisimama karibu na msikiti wa Seyyid Baghali, mfanyakazi wa reli ambaye kaburi lake madereva wa barabara ya Mombasa bado hulipa heshima. Kisha Kinango, minazi ya kwanza, na lugha ikabadilika mdomoni mwa watu. Huko bara tulikuwa tunaitwa maboss. Kwale mama muuza mbaazi na mahamri alituita wanangu, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kutuongezea mchuzi. Kutoka Kwale mjini barabara inashuka hadi Kombani, na ukifika hapo pua inakuambia kabla ya macho. Diani tuliingia majini na nguo zetu.

Doo inaingia wapi?

Sasa turudi kwenye swali. Kilomita zaidi ya 800, na kitu kilichotufikisha si baiskeli. Baiskeli mbili kati ya zetu zilikuwa za mtumba kutoka Nairobi, zimefungwa tairi pana, na zilifika sawa na zile za bei. Kilichotufikisha ni ujuzi: maji yako wapi, njia ipi imekatwa na mvua, mzee yupi wa ardhi aombwe ruhusa, zahanati ya karibu ni ipi, nani ana uwanja wenye lango wa kupiga hema. Hicho ndicho kinachouzwa. Na hicho tayari kiko Merigi, bure, kwenye vichwa vya vijana wanaokaa kwenye jukwaa la boda wakingoja abiria.

Piga hesabu ya mfano tu. Wageni 6 wakilipa shilingi 5,000 kila mmoja kwa siku, hiyo ni 30,000. Toa chakula, mafuta ya gari, malazi, kiongozi wa eneo na vipuri. Hata ikibaki theluthi moja, ni 10,000 kwa siku ya viongozi wawili. Sasa weka kampuni ya mjini katikati, yenye tovuti nzuri na picha za machweo. Mgeni analipa mara kadhaa ya bei hiyo, na kijana wa kijijini anaitwa asubuhi, anapewa fulana na pesa ya siku. Njia ni ile ile, maji ni yale yale. Kilichohama ni jina lililo kwenye risiti.

Hili si jambo la kupuuza katika nchi ya chai. Mei 2023 waandamanaji Kericho walichoma mashine za kuchuna majani chai, kwa sababu mashine moja inachukua nafasi ya mikono mingi. Mtu anaweza kubishana kuhusu moto huo, lakini hasira yake inaeleweka: kazi iliyosomesha watoto inaondoka na hakuna aliyesema mbadala ni nini. Baiskeli haitaajiri wote hao, na anayekuambia itawaajiri anakuuzia hewa. Wageni ni wachache, msimu wa mvua kubwa unafunga njia, na mwaka ukiwa na siasa chafu hakuna anayekuja. Lakini vijana watano wenye ujuzi, kila mmoja na safari chache kwa mwaka, pamoja na akina mama wanaowapikia na wanaowapa malazi, hiyo si hewa. Hiyo ni karo.

Fundi amelielewa hilo. Hataki kuwa kampuni kubwa. Anachotaka ni mgeni ampigie yeye kwanza. Amesomea huduma ya kwanza, anaandika kila safari kwenye daftari, kilomita, maji, madaraja, na anawafunza wadogo wake watatu kuziba tairi na kusoma ramani. Ile orodha ya visima aliyonayo ameikatalia hata mimi. Aliniambia nikiiweka kwenye blogu, mwezi ujao kuna mtu atakuwa anaiuza. Sikubishana naye.

Unataka kujaribu?

Usianze na siku 16, utachukia baiskeli. Anza na wikendi moja. Panda matatu hadi Bomet, tafuta kijana wa hapo anayejua barabara za majani chai, endesha kilomita 40 Jumamosi na 30 Jumapili. Zitatosha, vilima vya Merigi si vya mchezo.

Kofia ngumu si pambo. Breki zikaguliwe kabla ya kuteremka, si baada. Beba pampu, vipande vya cheni, dawa ya kuhara na pesa taslimu, kwa sababu mtandao utakataa pale pale unapotaka kulipia chai. Salimia kila mtu. Ukiambiwa njia hii usipite leo, usipite.

Muulize kiongozi maswali matatu kabla ya kutoa pesa: mtu akivunjika mguu hapa tunafanya nini, maji ya mwisho yako wapi, na kwenye eneo la watu wengine nani atatuongoza? Akikujibu bila kubabaika, huyo ni kiongozi. Basi usianze kubishana naye bei kama unayenunua nyanya Gikomba. Mlipe, umlipe yeye mwenyewe, na ukirudi mjini toa namba yake kwa rafiki zako.